Hekaya ya Kivuko na Daftari la Karani

Kivuko ninachoandika habari zake nimekivuka kwa miguu yangu mara nne, mara mbili kiangazi na mara mbili wakati wa mvua. Msafara uliokipa umaarufu sikuuona; ulipopita, mimi nilikuwa bado kijana wa kusoma huko Unyanyembe, na nilifika Kasongo miaka mitatu baadaye, kwa njia nyingine. Daftari la karani wa msafara huo nimelishika mkononi na kulisoma ukurasa kwa ukurasa. Barua ya mtu aliyevuka siku ileile nimeisoma kwa sauti mbele ya watu. Ugonjwa wa kiongozi wa njia nimeusoma, sikuuona. Mambo niliyoambiwa nitasema kwamba niliambiwa. Na yale ambayo hata aliyeniambia aliambiwa, sitayaandika kabisa. Nimefikia umri ambao watu huniamini kwa sababu ya mvi. Mvi si ushahidi.

Kabla ya vita vilivyoivunja Kasongo ya zamani nilikuwa na chuo nyuma ya nyumba yangu. Asubuhi walikuja watoto wa kusoma juzuu. Baada ya adhuhuri walikuja watu wazima sita, wote wakijua kusoma na kuandika, wakitaka niwafundishe kuandika barua na hati ili waajiriwe ukarani na wafanyabiashara. Walikuwa na akili, na walikuwa na kasoro moja iliyonikera kuliko mwandiko mbaya: walinukuu hekaya kama wanavyonukuu hati.

Hekaya yenyewe ilikuwa kitabu kilichoshonwa kwa uzi, kimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na ilisimulia msafara mmoja mkubwa uliotoka pwani hadi kwetu. Ilisomwa barazani baada ya alasiri, hasa mwezi wa Ramadhani, watu wakingojea magharibi. Mlango uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa kivuko. Msafara unafika kwenye mto mmoja unaoingia Luama, kati ya Kabambare na Kasongo. Jina lake silitaji, maana kila kijiji kina jina lake kwa mto ule. Ni Ramadhani, mvua inanyesha, mto umefurika. Kiongozi wa njia, Mbangubangu kwa kabila, amehongwa na watu wa ng'ambo, na anawaelekeza mahali penye kina. Watu wanazama. Ndipo kijana mmoja wa Kasongo anaruka mtoni na farasi wake, anaokoa bendera na wanawake watatu. Farasi anazama, kijana anatoka. Kiongozi ametoroka, haonekani tena.

Kijana yule alikuwa marehemu ndugu wa mzee mmoja mwenye baraza kubwa upande wa soko. Kiongozi yule alikuwa baba wa mwanafunzi wangu.

Mwanafunzi huyo alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote sita, na kimo cha kuinama mlangoni. Siku moja wenzake walipoondoka alibaki ameshika kalamu yake ya mwanzi.

"Mwalimu, mzee amekataa posa."

"Amesemaje?"

"Amesema binti yake hatavushwa mto na mtoto wa mutu aliyezamisha watu."

"Baba yako alizamisha watu?"

"Mama anasema baba alikufa kwa ndui Kabambare, msafara haujafika mtoni bado."

"Mama yako alimwona akifa?"

"Hapana. Aliambiwa."

"Basi wewe hujui. Na mimi sijui."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mzazi. Nikamwambia, "Na mzee naye hajui. Kesho njoo na mbao mbili, na wenzako waje."

Utaratibu nilioanza kesho yake niliutumia hadi nilipoacha kufundisha. Ubao wa kushoto uliandikwa yale yanayosemwa na hekaya, bila kuongeza wala kupunguza. Ubao wa kulia uliandikwa yale tu yenye karatasi ya siku zile, au yenye mtu aliyekuwapo, au yanayoweza kuhesabiwa. Kati ya mbao mbili niliacha upana wa kiganja kwenye mkeka, na hapo hapakuruhusiwa kuwekwa kitu. Wanafunzi wote wana haraka ya kupaziba mahali pale.

Siku ya kwanza ubao wa kulia ulikuwa mtupu, nao wakacheka. Nikauliza msafara ulivuka mwaka gani. Hekaya yenyewe ilitaja mwaka wa Hijra kwenye ukurasa wake wa mwanzo: ilikuwa miaka kumi na miwili iliyopita. Nikauliza Ramadhani ya mwaka ule iliangukia majira gani.

"Mvua, Mwalimu," akasema mmoja aliyekuwa mwepesi wa kujibu. "Ramadhani iko mvua. Kila mutu anajua."

"Ramadhani ya mwaka huu ilikuwa ya mvua. Na mwezi mwandamo hurudi nyuma siku ngapi kila mwaka?"

Wakaanza kuhesabu kwa vidole, wakagombana, wakafuta, wakahesabu tena. Sisi wa Kasongo tulifunga kwa mwezi na kulima kwa mvua, na katika vichwa vyetu mambo haya mawili yalilala kitanda kimoja bila kuulizana. Miaka kumi na miwili hurudisha miezi minne na zaidi kidogo. Ramadhani ile iliangukia kiangazi kikavu, wakati majani yamechomwa na watoto wanawinda panya.

"Basi hekaya ni uongo," akasema yule mwepesi. "Tuichome."

"Ukiichoma utajuaje nani aliyeitia mvua?"

Nikaenda kumuuliza msomaji wa hekaya mwenyewe, nikiwa na mwanafunzi wangu mrefu. Msomaji alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyekula kwa sauti yake. Kulikuwa na desturi, na kila mtu mjini aliijua ingawa hakuna aliyeitafakari: hekaya isomwapo nyumbani kwa mtu, msomaji humtia jamaa wa mwenyeji ndani ya msafara, kwa heshima. Wanakili nao waliandika wakimsikiliza msomaji, basi heshima ya jioni moja ikawa wino wa kudumu. Nilimuuliza bila kuzunguka.

"Kijana wa kwenye mto, ni wewe uliyemtia?"

"Mwalimu, mutu amechinja mbuzi, ndugu yake abaki nyuma na wapagazi?" Akajipapasa tumbo. "Aliyechinja kuku namtilia ndugu mmoja. Aliyechinja mbuzi namtilia na farasi."

"Farasi, hapa Maniema?"

"Ndiyo maana nilimzamisha. Ningemwacha hai, watu wangeuliza yuko wapi."

Mwanafunzi wangu hakucheka. Nikaendelea. "Na mafuriko?"

"Farasi ataruka kwenye vumbi, Mwalimu? Ilikuwa Ramadhani, mvua ilikuwa inagonga majani ya paa tukikaa, nikaichukua ileile."

"Na kiongozi? Nani alimhonga?"

Hapo alitazama chini, maana alimwona aliyekaa kando yangu. Lakini alikuwa mtu wa kupenda kumaliza maneno yake. "Mto ukifurika na msafara mzima ukaingia, lazima iwepo mutu aliyewapoteza. Sikuweza kumtia mutu mwenye nyumba hapa mjini. Nikamtafuta asiye na baraza."

Mwanafunzi alisema taratibu, "Ulimpata."

"Utasema maneno haya mbele ya mzee?" nikamuuliza msomaji.

"Hapa nimesema. Barazani sisemi. Miye niko na watoto, Mwalimu."

Sikumlazimisha. Mtu anayesema jambo faraghani na kulikana hadharani hana thamani kwenye ubao wa kulia. Nilichopata kwake ni sababu ya kutafuta karatasi. Tukasikia kwamba karani wa msafara ule alifariki Kabambare, na kwamba mjane wake angali na daftari lake. Hilo nililisikia tu, kwa hiyo nikaenda kuona.

Tulitembea siku sita, mimi na mwanafunzi wangu, tukiwa na mbao zetu mbili, wakati wa kiangazi. Kivukoni nilivua viatu. Maji yalifika chini ya goti langu, na mimi si mrefu. Mwanafunzi alisimama katikati ya mto muda mrefu, akitazama maji yanavyopita kati ya miguu yake, mpaka nikamwita.

Mjane wa karani alikuwa mwanamke mzee mwembamba, mwenye macho makali, anayefuma mikeka bila kutazama mikono yake. Daftari lilikuwa ndani ya chungu kilichofungwa kwa ngozi. Alilitoa, akaliweka mapajani, akalifunika kwa viganja.

"Miye sijui kusoma," akasema, "lakini kusikia najua. Mutasoma lote, toka mwanzo. Hamuruki."

"Mama, tunatafuta ukurasa mmoja tu."

"Bwana wangu naye alikuwa anatafuta kitu kimoja tu, kila mara. Soma, Mwalimu."

Nikasoma siku mbili. Safari za kuja, safari za kurudi, hali ya hewa, vijiji, nguo na shanga. Siku ya pili nilifika kwenye safari moja ya kwenda ziwani, na nikasoma: pembe thelathini na mbili, watu kumi na tisa, kati yao wanawake kumi na mmoja.

Mikono yake ikasimama juu ya ukindu. "Soma tena."

"Wanawake kumi na mmoja."

"Wa kumi na moja iko miye." Akaendelea kufuma. "Ile hekaya yenu ya Kasongo, inanitaja?"

"Hapana, Mama. Haitaji mtu yeyote aliyefungwa."

"Basi wote wawili, hekaya na daftari, wamesahau jina langu. Endelea."

Nilimwamuru mwanafunzi wangu auandike ukurasa ule kwenye ubao wa kulia. Akaninong'oneza kwamba tumekuja kwa ajili ya baba yake. Nikamjibu kwa sauti ya kawaida, ili mwenye daftari asikie, kwamba tumekuja kwa ajili ya daftari, na daftari halina kurasa za baba yake peke yake. Aliandika, na aliandika vizuri.

Alasiri ile tukaufikia ukurasa tulioutafuta. Nauweka hapa kama nilivyouona: "Tarehe tisa Ramadhani. Tumevuka mto asubuhi, maji ya magotini. Mizigo yote imepita. Kiongozi tumemwacha Kabambare, ana ndui. Anayetuongoza sasa ni mtu wa kijiji cha karibu." Hapakuwa na zaidi. Hapakuwa na mafuriko, wala bendera, wala aliyezama.

Mwanafunzi alifunika uso kwa mikono miwili. Mjane akamwachia muda, kisha akamwambia, "Lia, lakini usilowanishe karatasi."

Daftari hakukubali litoke nyumbani. Nikamruhusu mwanafunzi wangu anakili ukurasa ule, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, na mimi nikatoka kwenda kuswali. Katika maisha yangu ya ualimu nimefanya makosa, na hili nalitaja la kwanza: nilimwachia kalamu mtu mwenye haja na jambo, nikampa mgongo.

Tuliporudi Kasongo tukaenda kwa mzee. Alikuwa mtu mpole wa maneno, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri. Aliisoma nakala mara mbili, akaikunja, akanirudishia.

"Mwandiko wa nani huu, Mwalimu?"

"Wa mwanafunzi wangu."

"Yule anayetaka binti yangu?"

"Ndiyo."

"Wewe ndiwe unayewafundisha watu kwamba karatasi ni neno la mutu mmoja tu. Sasa unaniletea karatasi, na mutu mwenyewe ni bwana harusi."

Watu wa barazani wakacheka, na walikuwa na haki. Mwanafunzi alianza kusema, nikamzuia kwa mkono. Nikamwambia mzee, "Nitaleta daftari lenyewe." Akasema kwamba mvua zimekaribia. Nikasema naziona.

Nilienda peke yangu. Mwanafunzi aliomba sana kuandamana nami, nami nikakataa, kwa sababu hiyohiyo aliyoitaja mzee. Kivukoni nilikaa siku tatu. Mto ulikuwa umepanda kingo, wa rangi ya matope, ukivuta magogo. Niliposhuka hatimaye, nikishikilia kamba iliyofungwa mti kwa mti, maji yalinifika kifuani na kuninyanyua kisigino. Nilikiri moyoni kwamba msomaji wetu hakuwa mtu wa kubuni ovyo: huenda aliyemsimulia mto ule alikuwa ameuona kweli, ila katika mwezi mwingine. Mafuriko yale niliyaandika baadaye kwenye ubao, upande wa kulia, kwa kuwa nilikuwa nimeyaona.

Kwa mjane nilitoa nakala yangu ili niilinganishe na daftari kabla ya kuomba lolote. Nikaweka kidole hapa na kidole pale. Neno kwa neno vilikwenda pamoja, hadi kwenye kiongozi. Daftari lilisema, "Kiongozi tumemwacha Kabambare." Nakala ilisema, "Kiongozi mwaminifu tumemwacha Kabambare."

Sikuondoa kidole pale hadi mjane akauliza kama nimeumwa na kitu. Nikamweleza.

"Neno moja tu, Mwalimu. Tena zuri."

"Msomaji wetu wa hekaya alianza na neno moja zuri, kwa ajili ya mbuzi."

Akafikiri. "Na sasa utafanyaje? Utamuficha mutoto wako?"

"Nitaliomba daftari, Mama, na nitasema nilichokiona."

"Daftari halitoki bila miye." Akasimama, akaanza kutafuta kanga ya safari. Nilimwambia kuhusu mto. "Mto naujua," akasema. "Nilivushwa nikiwa na kamba shingoni. Safari hii nitaishika kwa mkono."

Alivuka na chungu kichwani, daftari likiwa ndani, ngozi imefungwa mara mbili. Mimi mwanamume niliteleza, yeye hakuteleza.

Kasongo nilimwita mwanafunzi chuoni kabla ya mtu yeyote kujua tumerudi. Niliweka nakala kwenye mkeka, na kidole changu chini ya neno lile. Aliinama akalisoma neno lake. Kisha akasema, "Alikuwa baba yangu, Mwalimu."

"Ninajua."

"Hekaya ilimtukana miaka yote. Nilimpa neno moja."

"Ulimpa kitu ambacho huna. Hukumjua. Kesho barazani kwa mzee daftari litasomwa, na nakala itasomwa, na tofauti itasemwa. Nitaisema mimi, au utaisema wewe."

"Nikisema, nimempoteza."

"Huenda."

"Na wewe huwezi kuisoma nakala ukalinyamazia neno lile?"

"Siwezi."

Aliondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Sikulala vizuri, wala sikubadili nia. Nilimpenda kijana yule kuliko wanafunzi wangu wote, na nililijua daftari lile kuwa la kweli. Lakini kama ningelipitisha pamoja na neno lile, ningekuwa nimewafundisha watu sita kwamba hekaya hukaguliwa kwa karatasi, na karatasi haikaguliwi kwa chochote.

Barazani tulikuta watu wengi. Msomaji wa hekaya alikuwapo, amekaa nyuma ya nguzo. Mwanafunzi alikuja wa mwisho, akakaa karibu na viatu. Mjane alipewa mkeka wa mbele, akafungua chungu, akanikabidhi daftari na kuniambia mbele ya wote, "Kwanza soma ukurasa wangu."

Nikasoma pembe thelathini na mbili, watu kumi na tisa, wanawake kumi na mmoja. Akawaambia yeye ni wa ngapi. Baraza lile lilikuwa la watu waliotajirika katika safari za namna ile, na nilichokiona ni vichwa vilivyoinama na mikono iliyotafuta tasbihi. Mjane akaniashiria niendelee.

Nikasoma ukurasa wa kivuko. Nikaeleza hesabu ya miezi, na wanafunzi wangu watano wakaithibitisha mmoja mmoja. Mzee alisikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja. Nikachukua nakala.

Kabla sijaifungua, sauti ikatoka kwenye viatu.

"Mzee wangu, ile nakala niliyokuletea iko na neno langu." Alikuwa amesimama, na kichwa chake kilikaribia kugusa boriti. "Daftari limesema kiongozi. Miye niliandika kiongozi mwaminifu. Mwalimu hakuwapo nilipoandika. Neno ni langu."

Kukawa na minong'ono. Mtu mmoja akasema, "Si niliwaambia? Mutoto wa nyoka!" Mjane akageuka akamtazama, naye akanyamaza. Msomaji wa hekaya nyuma ya nguzo alikuwa akijifuta uso kwa ncha ya kanzu.

Mzee akamuuliza mwanafunzi, "Mbona unaniambia sasa, nami nilikuwa sijui?"

"Mwalimu angesema."

"Kwa hiyo unamwogopa Mwalimu kuliko unavyomtaka binti yangu?"

"Ninawaogopa wote wawili, Mzee."

Hapo watu walicheka, na mzee alicheka kidogo pia. Kisha akainuka, akaingia ndani, na akakaa huko kiasi kwamba wengine walianza kutazama jua. Alirudi na barua iliyokunjwa mara nyingi hata mikunjo imekatika. Akanipa.

"Ya ndugu yangu. Aliniletea Nyangwe, nilikuwa huko mwaka ule. Soma wewe. Miye kila nikiifungua naruka hadi salamu za mama mwishoni, naifunga."

Barua ilianza kwa salamu ndefu. Kisha ikasema kwamba wamevuka salama, kwamba yeye alivua viatu na hata nguo hakuipandisha sana, kwamba kiongozi wao Mbangubangu wamemwacha Kabambare na ndui, naye alilia kwa kuachwa, kwamba aombewe. Kisha salamu za mama.

Mwandiko ule na wa karani haukufanana, wala watu wale wawili hawakuandika kwa shauri moja, maana mmoja alimwandikia tajiri wake na mwingine ndugu yake. Nililisema hilo kwa baraza, kwa kuwa ndilo lililokuwa kazi yangu.

Mzee alikuwa akiangalia mikono yake. "Barua hii imo sandukuni, na hekaya nimeisomesha hapa barazani Ramadhani baada ya Ramadhani. Hatua kumi kati yao. Sikuwahi kuzikutanisha." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na farasi?"

"Hakuwapo, Mzee."

"Nilijua hakuwapo. Nani alikuwa na farasi?" Akapumua. "Lakini nilimpenda."

Akamwita msomaji kwa mkono. Msomaji akaja akitambaa karibu, akidhani anafukuzwa. Mzee akamwambia kwamba tangu siku ile, nyumbani kwake, ndugu yake atavuka kwa miguu, viatu mkononi, na kiongozi atabaki Kabambare mgonjwa, aombewe.

"Mlango utakuwa mufupi sana, Mzee," akasema msomaji.

"Utakula haraka."

Mwanafunzi alikuwa bado amesimama. Mzee akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona urefu wake. "Na wewe, nakala iandike upya. Bila lile neno. Ulete mwenyewe."

Aliipeleka siku ya tatu, na mzee akaipokea pamoja na posa. Nilikuwa nimeilinganisha kabla haijatoka chuoni, herufi kwa herufi, naye amekaa mbele yangu bila kukasirika. Ilikuwa sawa.

Mjane alirudi Kabambare mvua zilipopungua. Niliambiwa kwamba alifika, sikumwona akifika. Vita vilikuja mwaka uliofuata, chuo kikaungua, na mbao zote na hekaya zikaungua nacho. Kuhusu mwanafunzi wangu na mkewe baada ya vita nimesimuliwa mambo matatu tofauti na watu watatu, nami siandiki hata moja.

Ndoa yao nilikuwapo. Ilifungwa asubuhi ya Ijumaa katika baraza la mzee, na mimi nilikuwa mmoja wa mashahidi wawili, nikikaa umbali wa mkono kutoka kwa bwana harusi. Mzee alitamka kumwoza. Bwana harusi akajibu, "Nimekubali," kwa sauti kubwa mno, hata kuku waliokuwa uani wakatawanyika, na mzee akamwambia, "Taratibu, baba, hapa hakuna kiziwi."